Mistari Miwili Isiyofutika

Katika maduka ya dawa ya Keringet, kipimo cha mimba huuzwa bila maswali mengi. Mama anaingia, anakitaja kwa sauti ya chini, anapewa pakiti ndogo, analipa kama shilingi 50 au 100, anaitia mfukoni na kuondoka. Mstari mmoja, hakuna mimba. Mistari miwili, ipo. Wengi wetu tunadhani kazi ya kijiti hicho imeishia hapo.

Naomba tukitazame upya, kwa sababu kijiti hicho hicho kinaweza kumwokoa mwanamke na saratani ambayo wengi hawajawahi hata kuisikia: saratani inayoota kutoka kwenye kondo la nyuma. Ni ugonjwa adimu. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kustaafu bila kukutana nao. Lakini kati ya saratani zote zinazompata binadamu, hii ni mojawapo ya zile zinazopona vizuri zaidi, hata ikiwa imeshaingia mapafuni. Anayekufa kwayo mara nyingi hafi kwa sababu dawa haijagunduliwa. Anakufa kwa sababu hakuna aliyefikiria kumpima mimba mtu ambaye kila mmoja alijua hana mimba.

Walio mbali wanaijua Keringet kwa maji ya chupa yenye jina lake, na kwa wakimbiaji. Faith Kipyegon alisoma shule ya upili hapa. Mwenyeji anaijua kwa baridi ya Mau, viazi, chai, maziwa ya alfajiri na barabara inayopanda kutoka Molo kuelekea Olenguruone. Kwa mjamzito anayetokwa na damu usiku, barabara hiyo ni sehemu ya matibabu yake. Kituo cha afya kiko karibu. Hospitali ya Olenguruone iko upande mmoja na ya Molo upande mwingine. Daktari bingwa wa akina mama yuko Nakuru. Na ukitaka bingwa wa saratani za uzazi, huenda ukapelekwa hadi Eldoret, kupitia Mau Summit, Timboroa na Burnt Forest.

Nitamchora mama mmoja ambaye si mtu halisi, ila dalili zake ni za kweli na zimo katika kila kitabu cha ukunga. Ana miaka 41 na watoto wanne, anachuma majani chai upande wa Kiptagich. Amekosa hedhi mara tatu. Mimba hii si kama zile nyingine: anatapika hata maji, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, na tumbo la miezi mitatu linaonekana la miezi mitano. Kisha damu inaanza kumtoka kidogo kidogo, nyeusi kama kahawa. Asubuhi moja anaona kitu kimetoka pamoja na damu: vifuko vidogo vyenye maji, vimeshikana kama kishada cha zabibu.

Ndiyo maana Kiswahili kikaiita mimba zabibu. Ndani ya nyumba ya uzazi hakuna mtoto. Kuna kondo la nyuma lililovimba na kukua ovyo. Ukiiangalia kwa ultrasaundi, vitabu vya kigeni vinasema inafanana na theluji inayoanguka. Mtu wa Keringet angeona kitu anachokijua zaidi: mvua ya mawe iliyotapakaa shambani.

Mimba za namna hii hutokea takriban mara 1 hadi 2 katika kila mimba 1,000. Kenya huzaliwa watoto zaidi ya milioni 1 kila mwaka, kwa hiyo hata kwa hesabu ya chini tunazungumza juu ya wanawake zaidi ya 1,000 kila mwaka. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wasichana wadogo sana na kwa wanawake waliovuka miaka 40.

Na hapa ndipo maneno huanza. Mama anaulizwa alikula nini, alimkosea nani, alitumia dawa gani. Mimba iliyotoa zabibu badala ya mtoto inatisha, na kinachotisha hutafutiwa mwenye kosa. Jibu la sayansi kuhusu jambo hili lilipatikana mwaka 1977, pale watafiti wawili wa Japani, Tadashi Kajii na Koso Ohama, walipochunguza kromosomu za mimba zabibu. Kila mtoto hupokea nusu ya kromosomu zake kwa mama na nusu kwa baba. Katika mimba zabibu kamili waliyoichunguza, kromosomu zote zilikuwa za baba. Yai la mama lilikuwa limepoteza kiini chake, mbegu ikaingia ndani ya yai tupu, ikajinakili yenyewe ili kutimiza hesabu ya 46. Ipo pia aina ya pili, isiyo kamili, ambayo yai ni zima lakini limeingiwa na mbegu mbili, na kromosomu zinakuwa 69.

Sisemi haya ili lawama zihame kutoka kwa mke ziende kwa mume. Baba naye hana alilofanya. Ni ajali ya chembe mbili kukutana vibaya, gizani, kabla ya yeyote kujua kuna mimba. Lakini ningependa kila mama mkwe huku Keringet alijue jambo hili. Yule anayeambiwa tumbo lake limelaaniwa amebeba kitu ambacho, katika mimba zabibu kamili, hakina hata kromosomu moja iliyotoka kwake.

Jambo hilo limewapa madaktari wa maabara njia nzuri ya kuitambua. Kuna protini iitwayo p57 ambayo hutengenezwa kwa kutumia nakala ya jeni iliyotoka kwa mama pekee. Kipande cha kondo kikipakwa rangi inayoitafuta protini hiyo na isionekane katika seli zinazostahili kuwa nayo, basi alama ya mama haipo: hiyo ni mimba zabibu kamili. Lakini kipimo hicho kinahitaji kipande chenyewe kifike maabara. Mama akishasafishwa nyumba ya uzazi, kilichotoka kikitupwa pamoja na pamba na damu, hakuna darubini itakayokiuliza tena.

Kabla hatujafika kwenye saratani, inafaa tulielewe kondo lenyewe, maana hata likiwa zima lina tabia za kushangaza. Seli zake za nje, trofoblasti, hutoboa ukuta wa nyumba ya uzazi, huingia hadi kwenye mishipa ya damu ya mama na kuipanua ili mtoto apate chakula. Zinajipenyeza katika mwili usio wao, na kinga ya mwili inaziona na kuziacha. Saratani nayo hufanya vivyo hivyo: hujipenyeza, hujitafutia damu, hujificha. Tofauti ni kwamba seli za kondo hufika mahali zikasimama, na mtoto akizaliwa, zinaondoka. Mara chache sana hazisimami wala haziondoki.

Baada ya mimba zabibu kamili, wanawake kama 15 hadi 20 katika kila 100 hubaki na seli zinazoendelea kukua hata baada ya kusafishwa, na huhitaji dawa. Baada ya ile isiyo kamili ni wachache zaidi, chini ya 5 katika 100. Aina kali kuliko zote huitwa koriokasinoma. Hiyo ni adimu kweli. Katika Ulaya na Amerika Kaskazini hukadiriwa kuwa 1 katika mimba kama 40,000. Karibu nusu yake huja baada ya mimba zabibu. Nusu nyingine huja baada ya mimba iliyoharibika, au baada ya uzazi wa kawaida kabisa, mtoto mzima, mama ameshapewa uji na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kundi hili la mwisho ndilo linaloniogopesha, kwa sababu hapo hakuna anayeitarajia.

Kenya si mgeni wa ugonjwa huu. Madaktari Makokha na Mati waliandika juu ya wagonjwa wa koriokasinoma waliopokelewa Hospitali Kuu ya Kenyatta kati ya mwaka 1973 na 1979. Kwa hiyo tumekuwa tukiuona kwa nusu karne, angalau katika hospitali kubwa.

Sasa turudi kwenye kijiti. Seli za kondo, ziwe nzima au zimeharibika, hutoa homoni iitwayo hCG. Hiyo ndiyo homoni inayotafutwa na kipimo cha mimba. Kondo likitoka lote, homoni hupungua siku hadi siku, na kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne baada ya mimba kuharibika kijiti huonyesha mstari mmoja. Seli zikibaki na kuzaliana, homoni haishuki. Inasimama palepale au inapanda. Saratani nyingi hukua kimya. Hii hutangaza kuwepo kwake kila siku ndani ya mkojo, na tangazo hilo husomeka kwa kijiti cha shilingi 100.

Ujuzi huo ulipatikana kwa gharama, na mtu aliyelipa sehemu yake anastahili kutajwa. Mwaka 1956, katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, pale Bethesda, daktari mzaliwa wa China aliyeitwa Min Chiu Li alimpa mwanamke aliyekuwa akifa kwa koriokasinoma dawa iitwayo metotreksati. Mapafu yake yalikuwa yamejaa uvimbe, yanavuja damu. Wakati huo hakuna saratani ya uvimbe iliyowahi kuponywa kwa dawa peke yake. Kulikuwa na kisu na mionzi, basi. Uvimbe wa mwanamke yule uliyeyuka. Picha za kifua zikawa safi.

Wengine wangesherehekea na kuacha hapo. Li hakuacha. Alipopima homoni kwenye mkojo aliona bado ipo kidogo, na akasema maadamu homoni ipo, saratani ipo, hata kama jicho haliioni. Akaendelea kutoa dawa yenye sumu kwa wagonjwa walioonekana wazima. Wakubwa wake waliona anawatesa watu bure, na akaipoteza kazi yake. Muda ulipopita, ikadhihirika kwamba waliotibiwa mpaka homoni ikaisha kabisa hawakurudiwa na ugonjwa, na walioachishwa mapema walirudiwa. Mwaka 1972 Li na mkuu wa utafiti ule, Roy Hertz, walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker. Kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo: tibu mpaka homoni iishe, kisha ongeza awamu kadhaa juu yake.

Mwaka huo huo wa 1972, katika Bethesda ile ile, Judith Vaitukaitis pamoja na Glenn Braunstein na Griff Ross walitatua tatizo lililokuwa likiwasumbua waliofuatilia wagonjwa wa namna hii. Vipimo vya zamani vilikuwa vikiichanganya hCG na homoni nyingine inayofanana nayo, ambayo kila mwanamke anayo. Wao walitengeneza kingamwili inayoshika sehemu moja tu ya hCG, sehemu inayoitofautisha na ile nyingine. Vijiti vyetu vya leo vinavyoweza kuonyesha mimba changa kabisa vinatokana na ugunduzi huo. Kwa maneno mengine, kijiti anachokinunua msichana wa Keringet ili ajue kama ana mimba kina ukoo na kazi ya watu waliokuwa wakiisaka saratani ya kondo. Nami naona kimesahau nusu ya kazi yake.

Dawa nayo ina undugu na kitu kilicho katika kila nyumba yenye mjamzito. Kliniki ya wajawazito hutoa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Foliki asidi ni vitamini ambayo seli huihitaji ili zinakili kromosomu zao na kugawanyika, na kondo, likiwa na haraka ya kukua, linaitaka kwa wingi. Metotreksati imeumbwa ifanane na foliki asidi. Seli inaipokea ikidhani imepata chakula, kumbe imeziba njia, na mgawanyiko unakoma. Ndiyo maana anayetibiwa huambiwa asimeze vidonge vya foliki asidi isipokuwa daktari amemwelekeza. Na ndiyo maana katika mpango unaotumika sana anachomwa sindano siku ya 1, 3, 5 na 7, kisha siku zinazofuata kila sindano anapewa aina maalumu ya foliki inayoziokoa seli nzima. Baada ya wiki mbili mzunguko unaanza tena. Wenye ugonjwa mkali zaidi hupewa dawa kadhaa kwa pamoja. Katika vituo vilivyozoea kazi hii, wagonjwa wa daraja la chini la hatari hupona karibu wote, na wa daraja la juu hupona zaidi ya 90 katika 100. Wengi wao kizazi hakitolewi, na huzaa tena. Dawa zenyewe ni za zamani, na Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu kwa jina.

Ikiwa yote haya yanajulikana, mama wa Kiptagich anapotea wapi?

Anaweza kupotea mwanzoni kabisa, kwenye kijiti chenyewe. Kipimo cha mimba hufanya kazi kama watu wawili wanaobeba gunia moja la viazi. Kingamwili moja imebeba rangi, nyingine imefungwa kwenye mstari, na homoni ndiyo gunia: lazima wote wawili walishike ndipo rangi ijikusanye pale. Katika mimba zabibu homoni inaweza kuwa nyingi kupita kiasi, magunia yakazidi wabebaji. Kila mmoja akashika lake peke yake, na hakuna linalobebwa na wawili. Mstari wa pili haujitokezi au unafifia. Mama mwenye homoni nyingi kuliko wote anaambiwa hana mimba. Suluhisho ni maji: muuguzi akishuku, auongezee mkojo maji mengi kisha apime tena, na mistari miwili itajitokeza. Wauguzi wengi wanalijua hili. Naliandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajaambiwa.

Mahali pengine ni baada ya kusafishwa. Mama anarudi nyumbani, anaambiwa apumzike, hakuna anayemtajia tarehe ya kurudi. Mimba iliyoharibika huzungumzwa kwa minong'ono katika jamii zetu nyingi, kwa hiyo hata yeye anapendelea kutorudi. Utaratibu wa kitaalamu ni kwamba baada ya mimba zabibu homoni ipimwe kwenye damu kila wiki hadi ifike kiwango cha kawaida, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa, na katika muda huo mama asishike mimba. Sharti hili la mwisho huleta ugomvi nyumbani. Mume na mama mkwe wanataka mimba nyingine upesi ili msiba usahaulike, na daktari anasema tumia uzazi wa mpango. Sababu yake si siasa ya kupunguza watoto. Mimba mpya nayo hutoa hCG, na ikianza kutoa, ile inayotoka kwenye seli mbaya haitaonekana tena. Ni kama kutafuta sauti ya mtu mmoja kwenye uwanja uliojaa. Mume akielezwa hivyo, mbele ya mke wake, nina imani wengi wataelewa.

Pengine hatari kubwa zaidi ni kifua. Koriokasinoma husafiri kwa damu, na kituo chake cha kwanza ni mapafu. Mama aliyejifungua miezi minne iliyopita anakohoa damu, amekonda, anapumua kwa shida. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, kila anayemwona anafikiria kifua kikuu, na si makosa kukifikiria. Makosa ni kukomea hapo makohozi yanapokuja bila vijidudu. Mwingine, ugonjwa ukiwa umefika ubongoni, anaanguka kifafa au anapooza upande mmoja, naye ana miaka 26. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye dalili hizo apimwe mimba pia, hata akiapa kwamba haiwezekani. Kipimo kikiwa chanya na ultrasaundi isione mimba, huo ni mwito wa rufaa ya haraka. Na wahudumu wakiona uvimbe wa rangi ya samawati iliyokolea ukeni, wasiukate kipande ili kuupima, kwa sababu uvimbe huu umejaa damu na kuukata kunaweza kumuua mama mezani.

Yapo pia yale yanayotokea mimba ikiwa bado tumboni, na hapa wataalamu wenyewe hukwama. Saratani ikianza ndani ya kondo la mtoto aliye hai, homoni haisaidii, maana mimba yenyewe inaitoa. Ultrasaundi mara nyingi haioni kitu. Kinachofichuka kwanza huwa ni madhara: mama anakohoa damu katika mwezi wa nane, au anatokwa na damu isiyo na maelezo, au mtoto anaonekana kupungukiwa damu kwa sababu damu yake inavujia kwa mama. Mara nyingine hugunduliwa baada ya kujifungua tu, mtu anapoligeuza kondo na kuona sehemu iliyofanana na damu iliyoganda zamani, akaipeleka maabara badala ya kuipita. Kila mkunga hulikagua kondo aone kama limetoka lote, kabla halijaenda kwenye shimo lake. Mama akiwa na dalili ambazo hazielezeki, ukaguzi huo unastahili dakika tano zaidi, na kipande kihifadhiwe kwa formalini.

Kuna hali nyingine ndani ya mimba ambayo huwatesa wazazi: mapacha, mmoja mtoto mzima, mwingine mimba zabibu. Zamani shauri la kawaida lilikuwa kuitoa mimba yote. Mwaka 2002 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za mimba 77 za aina hiyo. Katika 53 zilizoachwa ziendelee, 20 zilifikia kuzaliwa mtoto hai, na hatari ya saratani kwa akina mama walioendelea haikutofautiana sana na ya waliositisha mimba. Matokeo hayo hayamwambii mtu afanye nini. Yanawapa mama na baba uamuzi wenye tarakimu badala ya hofu, wakiwa karibu na hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji.

Uingereza hiyo hiyo ina jambo moja ambalo ningependa tuliige. Tangu mwaka 1973 mwanamke aliyepata mimba zabibu huandikishwa kitaifa, na sampuli zake za mkojo na damu hutumwa kwa posta kwenye vituo vichache vyenye wataalamu, kikubwa kikiwa hospitali ya Charing Cross, London, alikofanya kazi Kenneth Bagshawe. Mama anabaki kwao. Chupa ndiyo inayosafiri. Jibu linarudi, na kama homoni haishuki anaitwa mara moja.

Sioni kwa nini Keringet isiweze. Maziwa yetu hushuka kila asubuhi kabla ya jua, viazi vinafika masoko ya Nairobi, na matatu za Molo hazikosi bahasha za watu. Sampuli ya damu iliyotengwa vizuri na kuwekwa baridini inaweza kufika maabara ya Nakuru siku hiyo hiyo, na jibu kurudi kwa simu. Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na Chuo Kikuu cha Moi wamekuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto kufundisha mabingwa wa saratani za uzazi. Ujuzi upo ndani ya Bonde la Ufa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wanajua kila nyumba ilipo na nani alikuwa na mimba mwezi uliopita. Kinachokosekana ni orodha: jina la kila aliyesafishwa, tarehe, na tarehe ya kurudi. Kaunti ya Nakuru inaweza kuianzisha kwa daftari na kalamu.

Nawe msomaji, kama mimba yako au ya mtu wa nyumbani kwako imeharibika au imesafishwa, hesabu wiki 3, kisha pima mkojo, na uandike jibu katika kijitabu cha mama na mtoto. Kama bado kuna mistari miwili, rudi kituoni. Kama damu inaendelea kukutoka wiki 8 baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, pima. Ukikohoa damu ndani ya mwaka mmoja baada ya mimba ya aina yoyote, mwambie anayekuhudumia kwamba ulikuwa na mimba, na umwombe akupime. Asipokuuliza, mwambie wewe.